Neema, tazama miguu kwanza

Mwanangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na ile picha pia. Mama yako keshawaonyesha majirani wote: binti yake ndani ya IST yake mwenyewe, kwenye foleni ya Kimara. Mimi nikaitazama mara mbili, kisha nikauliza, hii kapiga nani? Maana humo garini uko peke yako, na gari la mbele yako taa za breki zinawaka.

Halafu nikasikia habari ya kioo cha bodaboda. Usimgombeze mdogo wako, mimi ndiye niliyembana. Unasema kijana alikuchomekea kushoto. Sawa, alichomekea. Lakini bodaboda haioti ardhini kama uyoga. Kabla haijafika mlangoni kwako ilikuwa ndani ya kioo chako, ila wewe hukukitazama.

Sitaki kukufundisha gari. Leseni unayo, na ada ya chuo cha udereva nililipa mimi. Nataka jambo moja tu. Daladala ikisimama kituoni, usiipite kama unavyopita gari lililoegeshwa. Toa mguu kwenye mafuta, uuweke juu ya breki, halafu tazama chini ya ile daladala, kati ya matairi. Utaona miguu. Ndala, viatu vya shule, pindo la khanga. Miguu ikielekea mbele ya gari, basi kuna mtu anakuja kutokea puani mwako, na hatakutazama, kwa sababu ameshashushwa na anawahi. Mjini mwisho wako ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo sekunde moja inakula mita 14. Wewe unashtuka, yeye umeshamfikia.

Na konda mtazame. Suka anaweza asiwashe indiketa mwaka mzima, ila konda akigonga bodi na kudandia mlangoni, ujue gari linaingia barabarani, uwepo usiwepo. Bajaji vilevile: usingoje taa, tazama tairi la mbele limeelekea wapi.

Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao katikati ya barabara, ndiyo inayonikosesha raha zaidi baada ya hiyo miguu. Ukikata kulia kwenye Morogoro Road, basi linatokea nyuma yako, upande uleule unaokatia, nalo linakwenda moja kwa moja. Watu hutazama magari yanayokuja mbele, wanaona kweupe, wanaingia. Hata mataa yakikuruhusu, geuza shingo. Na wale wanaovuka kwenda kituo cha katikati macho yao yako kwa basi lao, wewe hawana habari nawe. Kwa hiyo tunarudi palepale, miguu.

Najua utasema baba naye kazidi. Mama yako anasema hiyo papara umeirithi kwangu. Huenda. Ulikaa kiti changu cha mbele likizo ngapi, ukiniona natanua pembeni ya barabara ili niwahi abiria kabla ya mwenzangu, na ukacheka, nami nikafurahi ukicheka. Mambo mengine mtoto hafundishwi, anaokota tu.

Ule mwaka ulipoingia darasa la pili, kuna jioni nilirudi bila gari nikakaa uani mpaka usiku. Mliambiwa limeharibika. Gari lilikuwa zima. Kulikuwa na mtoto wa maandazi pale Manzese, alitokea mbele ya daladala iliyosimama, na mimi nilikuwa naipita. Alipona, alivunjika mguu. Ndoo ya maandazi niliikuta upande wa pili wa barabara. Kesho yake nilikwenda hospitali na nyumbani kwao. Haya, basi.

Jumapili ukienda kwa shangazi yako Buguruni utakutana na malori ya makontena ya Barabara ya Mandela. Usikae ubavuni mwa lori, hasa kushoto. Nilipoacha daladala nilikaa kwenye kiti kile miaka kumi na miwili, gari dogo likiwa pale linapotea kabisa. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, kwake wewe hupo. Na likitanua kulia kwenye kona usifurahi ukadhani limekupisha, linatafuta nafasi ya kukata kushoto.

Mvua zikianza, maji yakitanda barabarani usiyaingie kwa kubahatisha. Mfuniko wa chemba unaweza kuwa uliibwa juzi. Na Jangwani pakijaa, lala kwa rafiki yako. Kazi haitakimbia.

Halafu matairi. Uliniambia ni mazima kwa sababu kashata zake ni nzito. Chuchumaa ubavuni mwa tairi, tafuta tarakimu nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ikiwa 2214, basi lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014, na hilo ni la kufungia bembea ya watoto. Nitumie picha ya hizo namba. Gari likiwa limezimwa.

Pasaka nilikuona ukirudisha nyuma getini kwetu, pale pembamba, bila kugusa nguzo. Mimi mwenyewe ile nguzo nimeigusa mara mbili. Sikusema kitu kwa kuwa mama yako alikuwa anapiga vigelegele vya kutosha.

Huku Kihonda tuko salama. Bati la jikoni bado linavuja, fundi amekula kianzio na simu hapokei. Mahindi ya Mvomero yamestawi ila nyani nao wameyaona. Dawa za presha za mama yako zimebaki za wiki moja. Ukizinunua, zitume kwa basi, usizilete mwenyewe usiku baada ya kazi, barabara ile ina malori nayo yana haraka. Njoo Jumamosi asubuhi kukiwa kumepambazuka.

Mama yako anauliza sufuria lake kubwa la pilau. Nimemwambia sijaliona, lakini kwenye ile picha, kiti cha nyuma, kuna kitu kinang'aa.

Baba yako