Kupiga Windows upya kusiwe tiba ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie tabia iliyoota mizizi kwa mafundi kompyuta wengi mijini mwetu, nayo ni kuipiga Windows upya kila kompyuta iliyogoma kuwaka, pasipo kuchunguza kwanza imegoma kwa sababu gani. Mteja anafika na kompyuta mpakato kwapani, fundi anaiwasha, anaona kiduara kinazunguka bila kikomo, kisha anachomeka flashi yake na kutamka, "Hii inataka Windows mpya." Habari ya mafaili, kama itaulizwa kabisa, huulizwa diski ikiwa imekwisha kufutwa, na hapo ndipo mwalimu anapogundua kuwa mitihani ya muhula mzima imekwenda, au mwenye duka anapogundua kuwa hana tena orodha ya wanaomdai na anaowadai.

Siandiki ili kuwabeza mafundi, ambao mara nyingi husukumwa na wateja wanaotaka kazi iishe wakiwa bado wamesimama pale pale. Ninachosema ni kwamba dawa nyingi zimo ndani ya kompyuta yenyewe. Zana ya System Restore, inayorudisha mfumo ulivyokuwa siku ya nyuma, ilianza kuwekwa kwenye toleo la Windows Me mwaka 2000, na matoleo ya 10 na 11 yana mazingira kamili ya ukarabati, ambayo kwa kawaida huhifadhiwa katika sehemu yake ya pekee ya diski, hivyo yanaweza kufunguka hata pale Windows inaposhindwa kuwaka. Inaposhindwa mara mbili mfululizo, mazingira hayo kwa kawaida hujifungua yenyewe; na kama kompyuta bado inafika kwenye ukurasa wa nenosiri, mtumiaji hushikilia kitufe cha Shift huku akichagua Restart.

Ukurasa unaotokea hapo ni wa bluu, wenye machaguo machache, na nimeona watu wakiuzima haraka wakidhani kuwa nao ni ugonjwa. Humo mna Startup Repair, inayojaribu kurekebisha mafaili ya kuwashia, kwa mfano yale yaliyovurugika umeme ulipokatika kompyuta ya mezani ikiwa katikati ya kujisasisha, jambo ambalo msomaji wa gazeti hili hahitaji kusimuliwa. Mna pia njia ya kuondoa sasisho la mwisho lililoleta balaa, na njia ya kuiwasha kompyuta katika hali salama, ambapo programu na draiva (yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta) za lazima tu ndizo zinazofanya kazi. System Restore yenyewe huirudisha mipangilio ya mfumo, draiva na programu kama zilivyokuwa siku fulani iliyohifadhiwa, bila kugusa barua, picha wala hesabu za mwenye kompyuta. Kinachopotea ni programu na draiva zilizowekwa baada ya siku hiyo.

Hata ikibidi Windows iwekwe upya, chaguo la Reset this PC humuuliza mtumiaji kama anataka mafaili yake yabaki au yaondoke yote. Programu alizoziweka mwenyewe zitaondoka kwa vyovyote vile, kwa hiyo mwenye programu ya uhasibu ahakikishe kwanza kuwa anayo leseni yake. Aangalie pia asichague kupakua Windows kutoka mtandaoni ikiwa anatumia bando la simu, kwa kuwa njia hiyo inaweza kumeza zaidi ya GB 4, ilhali ipo njia nyingine inayotumia mafaili yaliyomo humo humo ndani.

Kwa anayedhani kuwa haya ni mambo ya kujifunzia tu, tukumbuke tarehe 19 Julai 2024, siku ambayo sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta takribani milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, na kukwamisha safari za ndege, benki na hospitali. Kompyuta hizo hazikuhitaji kufomatiwa. Mafundi waliingia katika hali salama au katika mazingira haya haya ya ukarabati, wakalifuta faili moja lenye kasoro, wakaiwasha mashine upya.

Zana hizi zina mipaka, na anayezisifu bila kuitaja hasemi ukweli wote. Diski iliyoanza kufa haitafufuliwa na System Restore. Hiyo inyofolewe mapema na mafaili yahamishwe kabla ya jaribio lolote. Baadhi ya nakala za Windows zilizopunguzwa uzito, zinazozunguka kwenye flashi za mitaani, zimeondolewa mazingira ya ukarabati kabisa, kwa hiyo anayewekewa Windows ya namna hiyo leo ananyimwa msaada wa kesho bila kujua. Tena, kompyuta yenye ulinzi wa BitLocker, unaofunga diski kwa ufunguo wa siri, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuruhusu ukarabati, na asiye nao hana pa kupitia. Mara nyingi ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Ni vyema auandike kwenye karatasi na kuiweka mbali na kompyuta yenyewe.

Jambo la mwisho ni kwamba System Restore mara nyingi huwa imezimwa, na ikiwa imezimwa hakuna siku ya kurejea. Kuiwasha ni kazi ya dakika chache: mtumiaji anaandika "Create a restore point" katika kisanduku cha kutafutia, anachagua diski ya C, anaruhusu ulinzi na kutenga nafasi kidogo. Fundi anayemrudishia mteja kompyuta iliyopona angeweza kulifanya hilo kabla ya kupokea malipo yake, na mteja ana haki ya kumuuliza kama amelifanya.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Tanga