Homa ya ini haiishii kwenye ini

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Julai 28, Siku ya Homa ya Ini Duniani, tunaelezwa kwa kirefu kuhusu ini kusinyaa na saratani ya ini, lakini ni nadra kusikia kwamba virusi vya aina B na C vikikaa mwilini miaka mingi huongeza pia uwezekano wa kupata limfoma, yaani saratani inayoanzia kwenye chembe za kinga zilizomo katika tezi na damu.

Tafiti nyingi zinaukadiria uwezekano huo kuwa takriban mara mbili ya ule wa mtu asiye na virusi. Wengi wenye homa ya ini hawatapata limfoma kamwe, kwa hiyo siandiki ili kutia watu hofu. Kwa aina C inaelezwa kwamba chembe B za kinga (ni jina la chembe, si kirusi B), zikichokozwa na kirusi mfululizo, huzaliana kupita kiasi hadi baadhi yake zikaharibika. Mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba wagonjwa wa limfoma ya bandama wenye kirusi C, walipotibiwa kirusi hicho kwa interferoni, dawa ya kupambana na virusi, wengi wao walipata nafuu ya saratani yenyewe, ilhali wasio na kirusi hawakunufaika. Siku hizi vipo vidonge vinavyoponya zaidi ya asilimia 95 ya wenye aina C, mara nyingi kwa wiki 12.

Huku kwetu mtu akivimba tezi shingoni hushukiwa kwanza kifua kikuu, na si kosa. Ila tezi isiyouma inayozidi kukua, huku mgonjwa akilowa jasho usiku hata kwenye baridi ya Juni hapa Uyole, ichukuliwe kinyama kikapimwe. Ikithibitika ni limfoma, apimwe pia kirusi B kabla ya dripu ya kwanza ya matibabu, kwa sababu dawa za limfoma kama rituksimabu huweza kukiamsha kirusi kilicholala na kuliangamiza ini.

Linaloniudhi zaidi ni jinsi tunavyowaachia njiani wachangia damu wanaokutwa na virusi hivi. Namfahamu fundi pikipiki aliyeambiwa tu kwamba damu yake "haifai", akarudi gereji bila karatasi wala maelekezo. Naomba waganga wakuu wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini wahakikishe kila anayekutwa na kirusi B au C anapewa majibu yake kwa faragha, rufaa iliyoandikwa na tarehe ya kliniki.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya