Barua kwa mdogo wangu anayeenda Umasaini kuhubiri

Mdogo wangu, Bwana Yesu asifiwe.

Mama kaniambia mmeshapangiwa kituo, wewe na shemeji, na kwamba mkishavuna tu mnaondoka kwenda Simanjiro. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka, maana kule nilikaa miaka sita na najua Mungu ana watu wake kule. Ila jana ulivyonitumia ile picha ya vitu mlivyokusanya, spika mbili, jenereta, turubai na viti hamsini vya plastiki, usingizi ukakata kabisa. Sio kwamba vitu ni vibaya. Nilijiona mimi mwenyewe mwaka 2004, na vitu hivyohivyo vimefungwa juu ya keria. Nimeona niandike hapa hadharani badala ya kukupigia, kwa sababu mko wengi, mnatoka Moshi, Mbeya, Bukoba, mnaenda kwa watu ambao sio wa kwenu na hakuna anayewaambia.

Kule wewe ndo mzungu. Naomba hilo uliweke moyoni kabla hujaweka kitu kingine. Wamasai wana neno, ormeek, ndo wanatuita sisi Waafrika wa suruali na Kiswahili, watu wa shule, wa ofisi za serikali, wa mjini, na wakilisema halina utamu mdomoni. Sisi tumezoea kuhesabu kwamba mmisionari ni mtu mweupe aliyetoka Ujerumani au Marekani, basi tukifika sisi tunajiona tuko nyumbani kwa vile ni Tanzania ileile. Kumbe lugha tunayohubiri nayo sio yao, wimbo sio wao, koti na tai sio vyao, hata saa ya ibada tumeipanga sisi. Mimi niliweka ibada saa nne asubuhi, nikawa nanung'unika wanaume hawaji, na saa nne asubuhi mifugo iko njiani kwenda kwenye maji.

Nikuambie kosa langu kubwa. Mwezi wa pili tangu nifike niliitisha mkutano chini ya mti nikasema tuchague kamati ya kanisa. Kulikuwa na kijana mmoja mzuri sana, anajua kusoma, Kiswahili safi, ndo aliyekuwa ananikalimania. Nikapendekeza awe mwenyekiti. Alikuwa rika la Korianga, wakati ule ndo walikuwa morani, na pale mbele yake wamekaa wazee wa Landis, ambao kwa mila ndo baba wa rika lake, wao ndo wanaomlea na kumwonya. Mimi sikujua, na kibaya zaidi sikuuliza. Nikasema wanaokubali wanyooshe mikono, wanawake watatu wakanyoosha, nikaandika kwenye daftari kwamba amepita. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake, maana pale mtu haongei mkutanoni bila kusimama na fimbo, akasema neno moja tu, tumesikia, akakaa. Mi nikafurahi, nikadhani ni baraka.

Jumapili iliyofuata walikuja watoto wanne. Yule kijana hakuja. Baada ya wiki mbili nikasikia ametozwa faini ya mtamba kwa kukubali kukaa juu ya baba zake, na yeye hakuwa amekubali kitu, mimi ndo nilimsukuma. Nikalipa nusu ya bei ya yule mtamba, mshahara wangu wa karibu miezi miwili, na hata hivyo ilichukua mwaka mzima kabla hajaniangalia usoni vizuri. Kwenye ripoti niliyopeleka makao makuu niliandika "kamati imeundwa". Mpaka leo sentensi ile inaniuma.

Sasa hapo ndo nataka ukumbuke historia yetu wenyewe Wachaga, maana tumefanyiwa haya. Wamisionari wa Leipzig, shirika la Kilutheri la Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kuna huyu Bruno Gutmann aliyekuja 1902, akafanya kazi kwetu, hasa Old Moshi, mpaka 1938, ukitoa ile miaka Wajerumani walipofukuzwa baada ya vita ya kwanza. Alijifunza Kichaga kweli, akakaa na wazee akaandika sheria zetu za ukoo na ardhi, akaona kwamba ukoo, ujirani na rika sio uchafu wa kipagani, ndo mahali penyewe usharika unapoweza kusimama. Namheshimu sana kwa hilo, wengi wa wakati wake hawakuona. Lakini soma na upande wa pili, kwamba alizipenda mila zetu kiasi cha kuogopa mji na mambo mapya, wakati vijana wa Kichaga walikuwa wanataka shule na maendeleo. Kwa hiyo mtu anaweza kudharau mila za wenzake akawatawala, na anaweza kuzipenda akawatawala vilevile. Usije ukaenda kule ukaanza kumwambia binti wa Kimasai anayetaka sekondari kwamba abaki na mila zake nzuri.

Halafu 1920 Wajerumani wakaondolewa, na sharika hazikufa, walimu wa Kichaga ndo walizishika, watu wa shule za vijijini, wengine hawana hata kanzu. Tulikuwa tunaweza muda wote. Ila KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, inakuja kuundwa mwaka 1963, makanisa saba yameungana na Askofu Stefano Moshi ndo mkuu wake, hesabu mwenyewe, ni miaka 70 tangu Leipzig wafike. Wewe usingoje mpaka ufukuzwe ndo uwaachie kazi.

Kitu kingine ni gari. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa kule Akeri, Umeru, wakiwa hawajamaliza hata siku chache, na kambi ya jeshi la Wajerumani la Kapteni Johannes ilikuwa karibu tu. Watu wa Meru na Arusha wangewatofautisha vipi na wale askari? Baada ya hapo jeshi likawapiga watu vibaya sana. Kwa hiyo usikubali lifti ya gari la mkuu wa wilaya siku ya kwanza, hata kama ni ya bure. Wamasai wameshaona magari mengi yanakuja kupima mipaka ya ardhi yao. Fika kwa pikipiki, au kwa mguu, na mtu wa pale mbele yako.

Kuna mama mmoja, boma lake liko karibu na bwawa. Alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka, alikuwa anasimama nje na kibuyu, anachovya majani anarusha maziwa kidogo huku na huku, anaita Naai, Naai. Mimi nikiwa mgeni nilimwambia mama hiyo ni sadaka ya mizimu, acha. Aliniangalia, akamaliza maziwa yake, akaingia ndani. Nilikuja kuelewa baadaye sana, Kimasai changu kilipokua, kwamba Naai ndo kumwita Engai, yaani Mungu, na alikuwa anamwomba kwa majina ya watoto wake mmoja mmoja, na mwisho akamtaja mgeni aliyelala bomani. Mgeni ni mimi. Engai ndo jina lilelile la Mungu lililo kwenye Biblia ya Kimasai, na ndo neno lilelile la mvua. Nilikuwa nimemkataza mtu asiniombee.

Na mzee yuleyule wa fimbo ndo alinifundisha neno la kazi yangu. Nilikuwa nahubiri Yohana 10, mchungaji mwema, nikajua hapa nimepatia, hawa ni wafugaji. Akauliza, huyo mchungaji, ng'ombe ni zake au za baba yake? Kwao wanaochunga ni watoto, layoni, mwenye ng'ombe hachungi. Nikakaa kimya muda mrefu, nikamjibu ni za Baba. Akasema basi huyo jioni atarudi aulizwe ng'ombe mmoja mmoja. Miaka yote naitwa mchungaji na sijawahi kulisikia neno hilo vile.

Viti viache nyumbani, kaa kwenye kigoda watakachokupa. Mwaka wa kwanza jifunze lugha tu, shemeji pia, yeye atajifunza haraka kuliko wewe kwa sababu atakuwa na akina mama. Wakikupa maziwa yenye harufu ya moshi kunywa. Kamati ngoja waiombe wao, na wakichagua mtu asiyejua kusoma usimtilie shaka, mtafutie wa kumwandikia.

Yule kijana wa mtamba sasa ni mwinjilisti pale, ana watoto watano. Msalimie. Na yule mama wa bwawani mpelekee majani ya chai na sukari kilo mbili, mwambie zimetoka kwangu, na mwambie maziwa ya alfajiri nilikosea.

Kaka yako.