Treni za mitumba: spea zitangulie, tarehe ifuate

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo ya treni za kubeba wafanyakazi asubuhi na jioni kati ya Muhoroni na Kisumu, au Njoro na Nakuru, jibu la kwanza huwa ni kuleta treni za dizeli zilizokwisha kutumika kwingine. Hatuna ugomvi na wazo hilo. Nairobi ilipokea treni 11 za aina hiyo mwaka 2020 kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, ambako njia zilikuwa zimegeuzwa kuwa za umeme. Upana wa reli ulilingana, mita moja kule na mita moja hapa, kwa hivyo ekseli hazikuhitaji kubadilishwa upana. Njia yetu ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ni ya upana huo huo, na ilirudi kubeba abiria mwishoni mwa 2021 baada ya kukarabatiwa.

Ugomvi wetu ni tarehe. Wenye kupanga huanza kuhesabu siku meli inapotia nanga Mombasa: miezi kadhaa karakanani, rangi mpya, viti vipya, kisha utepe ukatwe. Hesabu hiyo mara nyingi haishiki. Siku inayofaa kuanza kuhesabiwa ni ile spea ya mwisho inapoingia stoo.

Treni kuukuu ni kama beli ya mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu: unailipia ikiwa imefungwa. Mkaguzi anayetumwa ng'ambo huwasha injini, hugonga bodi, husoma daftari la matengenezo, akarudi. Yaliyo chini ya sakafu hayaoni, kwa sababu hakuna aliyemwinulia behewa.

Kuliinua kwenyewe ni kazi ya jeki nne zinazopanda kwa pamoja, maana moja ikitangulia bodi hujipinda. Kisha bogi mbili, yaani fremu zenye magurudumu zinazobeba behewa, husukumwa nje. Seti ya mabehewa mawili ina bogi 4, ekseli 8, magurudumu 16, na beringi kwenye kila ncha ya ekseli. Hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Beringi ya treni iliyoegeshwa mwaka mzima huharibika bila kuzunguka hata mara moja: roli zimekaa pahali pamoja, grisi imekauka, na mtikisiko wa meli umezichimbia vijishimo kwenye njia yake. Kwa nje ni nzima. Ikienda kilomita chache, huanza kuchemka.

Magurudumu nayo yana hesabu yake. Breki iliyowahi kung'ang'ania gurudumu hadi likaserereka huliacha na sehemu bapa, ule mlio wa ko-ko-ko unaousikia treni ikipita. Dawa yake ni kukereza, yaani kulichonga kwa mashine lirudi kuwa duara. Ukikereza milimita 5, kipenyo kimepungua milimita 10. Wala huwezi kukereza moja ukamwacha mwenzake: magurudumu mawili ya ekseli moja lazima yalingane, na pale ambapo shafti moja inaendesha ekseli zote mbili za bogi, yote manne lazima yalingane. La sivyo ekseli moja inakimbia huku nyingine ikiburutwa, na mzigo huo unabebwa na giaboksi. Kwa hiyo bapa moja hula chuma cha magurudumu manne. Yakishafika kwenye alama ya mwisho iliyochongwa ubavuni, hakuna kukereza tena. Ni kuagiza mapya, nayo hayauzwi dukani; hufuliwa kwa oda, na foleni ya kiwandani ni ya miezi.

Fremu ya bogi hupakwa wino mwekundu, ikafutwa, ikapuliziwa unga mweupe. Ufa uliokuwa umejificha hujichora wenyewe, mstari mwekundu mwembamba kama uzi. Fremu yenye ufa pengine hurekebishika. Ekseli hupimwa kwa mawimbi ya sauti, na ikikutwa na ufa hutupwa. Asitokee mtu wa kusema tutaichomelea.

Kitu kinachodharauliwa kuliko vyote ni mpira. Mabomba ya hewa, mifuko ya springi, vikalio vya injini, sili za milango, viwambo (ngozi nyembamba za mpira) vya ndani ya vali za breki: vyote huzeeka hata vikikaa bila kazi. Zabuni hutangazwa kwa injini na viti, vitu vinavyoonekana, na vipande vya mpira huandikwa mwishoni kwamba vitanunuliwa kadiri vitakavyohitajika. Basi kiwambo cha bei ya mlo wa mchana kinakosekana, vali haifungwi, breki haipimwi, na treni yenye rangi mbichi inakaa uani. Waya ni hivyo hivyo. Ngozi yake hukakamaa, na ukipima kwa megga, kipimo cha uvujaji wa umeme, ya volti 500 unakuta umeme unavuja hadi kwenye bodi. Kutandika waya upya ndani ya behewa moja ni kazi ya wiki nyingi, na aghalabu haikuwa kwenye mkataba, kwa hivyo mafundi husimama wakingoja karatasi nyingine isainiwe.

Spea zikikosekana, treni ya tatu hugeuzwa duka. Kompresa yake hunyofolewa ili treni ya kwanza itoke. Ripoti husema moja imekamilika. Kumbe ya tatu sasa inadai yote iliyodai awali na kompresa juu yake, bolti zimepotea, na mabomba yaliyoachwa wazi yameingia vumbi. Ikiwa lazima kunyofoa, seti moja itangazwe tangu mwanzo kuwa ni ya spea na isihesabiwe tena miongoni mwa treni.

Asidhani mtu kuwa haya ni ya Kenya tu. Treni za zamani za chini ya ardhi za London, zilizotiwa injini za dizeli kwa ajili ya njia ya Wrexham hadi Bidston, zilitarajiwa 2019. Zilianza kubeba abiria Aprili 2023. Nyingine 19 zilizokuwa za umeme na kuongezewa dizeli kwa ajili ya kampuni ya Great Western hazikubeba abiria hata mmoja, zikarudishwa kwa mwenyewe. Na wale wana viwanda vya reli karibu.

Sisi tuna jingine: mlima. Injini iliyozoea usawa wa bahari ikiletwa huku itatoka Nakuru, kama mita 1,850, ipande Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, kisha iteremke hadi Kisumu iliyo chini ya mita 1,200. Kule juu shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la pwani. Injini isiyo na turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa, hupoteza karibu robo ya nguvu. Yenye turbo hupoteza kidogo, lakini turbo hiyo huzunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi. Maji yaliyo wazi huchemka Mau kwenye nyuzi 92 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni shinikizo linaloshikwa na kifuniko, yaani springi na kipete kimoja cha mpira. Kikilegea, treni inasimama Molo ikitoa mvuke, na kila mtu atasema injini imekufa.

Mteremko wa Londiani, Fort Ternan hadi Koru ndio mtihani wa breki. Majaribio ya Kibos hadi Miwani, tambarare katikati ya miwa, hayatoshi. Treni ijaribiwe Mau ikiwa na mzigo: abiria 100 wa kilo 70 ni tani 7, na magunia ya mchanga yanapatikana. Hata treni itakayofanya kazi Kisumu na Muhoroni pekee lazima iuvuke mlima huo ikija, na tena kila ikirudi karakana kuu ya Nairobi kwa matengenezo makubwa.

Tunachoomba ni malipo ya mwisho kwa muuzaji yasitolewe kabla angalau seti moja haijainuliwa na bogi zake kufunguliwa mbele ya mafundi wetu, huko huko iliko. Oda ya magurudumu, beringi na mpira itoke siku hiyo, si treni ikishafika. Na atakayetutangazia tarehe ya safari ya kwanza aambatishe, kwa kila behewa, vipimo vya magurudumu, matokeo ya ekseli, na orodha ya spea zilizo stoo na zilizo njiani. Ni kurasa mbili tu kwa kila behewa.

Mafundi wa dizeli,
Nakuru na Kisumu