Mhariri, tupeni kona ya kuwaelekeza wanawake wanaopigwa majumbani

Mhariri, salamu kwako na kwa wenzako wote hapo ofisini. Mi ni msusi, nina saluni yangu ndogo huku Mbagala, huu mwaka wa tisa, na gazeti lenu linaingia saluni kila siku mana wateja wanapenda kusoma wakiwa wamekaa kwenye draya. Naandika kwa sababu kuna kitu nakiomba kwenu na sio kikubwa.

Miezi kadhaa iliyopita, siku ya Jumamosi, alikuja dada mmoja kufumua rasta, ana mtoto wa miaka mitatu hivi kamshika mkono. Nikaanza kufumua kawaida, tunaongea bei ya vitunguu, nilivyofika kisogoni akashtuka akanidaka mkono. Kuangalia vizuri, kuna sehemu rasta tatu hazipo kabisa, zimeng'olewa na nywele zake, ngozi imebaki nyekundu imevimba, alafu pembeni damu imegandia kwenye uzi. Sikumuuliza kitu. Nikachukua kitambaa na maji ya uvuguvugu nikawa nalainisha ile damu kidogo kidogo ili uzi uachie, kama nusu saa nzima, na hapo ndo alianza kusema mwenyewe, kwa sauti ya chini, macho yapo kwa mtoto.

Wasusi tunasikia mengi sana mhariri, mtu akikupa kichwa chake masaa manne anakupa na ya moyoni. Na miaka yote hiyo mi nilikuwa najibu vilevile, pole dada, muombe Mungu, ongea na mama mkwe wako. Siku ile dada kaniuliza swali moja tu, "nikitoka hapa naenda wapi?" nikakosa jibu. Mtu mzima, nimesoma mpaka form four, nina simu ya kisasa, sikujua.

Basi nikafunga saluni tukatoka. Tukaanza kwa mjumbe, mjumbe akatuambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nendeni mkayamalize ndani. Tukaenda kituo kidogo cha polisi, pale kaunta pana watu kama sita wamekaa kwenye benchi, afande anauliza kwa sauti "mmegombania nini na mumeo" na wote wanageuka kusikiliza, mwisho anasema hapa hakuna dawati la jinsia, lile la polisi wanaopokea kesi za ukatili, nendeni kituo kikubwa. Tukapitia zahanati kwanza mana kichwa kilikuwa kinamuuma, zahanati wanataka PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Kufika kituo kikubwa jioni imeshaingia, wa dawati katoka, rudini Jumatatu. Bajaji tatu, elfu kumi na moja imeisha, mtoto analia njaa na saa tatu usiku ishafika. Tukarudi kwangu wakalala chumba kimoja na wanangu, na mi usiku kucha nasikiliza geti, nawaza huyo bwana akijua mkewe yuko hapa itakuwaje.

Jumatatu tukaenda tena na kusema ukweli yule afande wa Dawati la Jinsia na Watoto Mungu ambariki. Dada wa makamo, ana chumba chake chenye mlango, akafunga mlango, akampa mtoto biskuti, akasikiliza mpaka mwisho wala hakuuliza ulimfanyia nini mpaka akupige. Akafungua RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yake pale polisi, akatoa PF3 palepale, akapiga simu kwa afisa ustawi wa jamii. Hospitali wakamtibu na kuijaza ile PF3 ikarudi polisi, kumbe ile karatasi ndo inakuja kuwa ushahidi mahakamani, sisi mtaani tunajua tu ni karatasi ya kusumbua watu wenye ajali.

Sasa kinachoniuma ni kwamba huduma zipo. Tungejua Jumamosi ile asubuhi tulichokijua Jumatatu, yule dada asingezunguka mji na kichwa kinavuja damu. Nimekuja kuuliza uliza kwa huyo afande, kwa mtu wa ustawi, kwa nesi mmoja mteja wangu, na nikajifunza vitu ambavyo kila mwanamke angetakiwa kuvijua kama anavyojua njia ya kwenda sokoni. Kwamba sio kila kituo cha polisi kina dawati, kwa hiyo ulizia mapema lililo karibu na wewe liko wapi na nani anakaa usiku, usisubiri mpaka uwe unakimbia. Kwamba baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Amana pale Ilala, unakuta daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri wote sehemu moja, sio hii habari ya bajaji tatu. Kwamba mtu akiingiliwa kwa nguvu kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ila mwisho ni masaa 72 na ukiwahi zaidi ndo vizuri zaidi, na asioge wala asifue nguo kabla hajaonwa na daktari hata kama anajisikia mchafu kiasi gani. Hilo la kuoga nesi alinirudia mara mbili mana anasema karibu wote wanaokuja washaoga.

Simu nazo zipo. 116 ni ya watoto, bure mtandao wowote, kama unasikia mtoto wa jirani anaumizwa unapiga tu. 112 ni polisi ya dharura. Ila angalieni, wanaume wengi wanakagua simu, kwa hiyo namba zishikwe kichwani au mtu asevu kwa jina la fundi cherehani, na akimaliza kupiga afute. Vitu vya muhimu kama kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ndoa, nguo mbili tatu na hela kidogo ya nauli viwekwe kwa mtu unayemwamini, sio chini ya godoro mana ndo wanapoanza kutafuta.

Na sheria ipo upande wetu jamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Toka 1971! Mama yangu alikuwa binti mdogo. Na toka 2017 ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria, asiye na uwezo anasaidiwa bure, kuna wasaidizi wa kisheria mpaka huku kwenye kata, kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kuna WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, hao wanasaidia wanawake kabisa. Serikali kwenye mpango wake ule wa MTAKUWWA, wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ilisema ziwepo kamati za kulinda wanawake na watoto mpaka ngazi ya mtaa. Mi niwaulize wasomaji, nani anawajua wajumbe wa kamati ya mtaa wake? Nimeuliza wateja kumi na mbili, hakuna hata mmoja.

Na sio jambo la watu wachache. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake wanne katika kumi wa miaka 15 mpaka 49 washafanyiwa ukatili wa kimwili. Mi nikiwa na viti vitano saluni vimejaa, nahesabu wawili. Wapo na wanaume wanaopigwa pia nao wanaona aibu kusema, dawati ni la kwao pia.

Mabango mengi niliyoyaona yamebandikwa ndani ya kituo cha polisi na ofisi ya kata. Sasa aliyefika pale si ameshafika? Yule ambaye hajui aende wapi yuko kliniki na mtoto mgongoni, yuko mashine ya kusaga, yuko bombani, yuko kwangu anasukwa. Huko ndo pa kubandika. Na nyinyi mhariri, kila siku mnatutolea ratiba za mechi na msimamo wa ligi, hatuombi muiondoe hiyo, tunaomba kona ndogo tu, hata mara moja kwa wiki, mnataja leo wilaya ya Temeke dawati lipo kituo fulani, usiku yupo au hayupo, hospitali fulani wana mkono kwa mkono, msaada wa kisheria uko hapa, kesho mnataja Kilwa, keshokutwa Tarime. Muwe mnapiga simu kuhakiki kwanza kabla ya kuandika, mana mtu akikimbilia mlango uliofungwa usiku harudi tena kuujaribu. Na mkienda kuhakiki waulizeni wahusika kuhusu nyumba salama, mana hizo ni chache mno, na usiku ule mi nilikuwa nahitaji hiyo kuliko kitu chochote.

Yule dada sa hivi yuko kwa dada yake mkoani, kesi inaendelea, sitasema zaidi.

Mi kwangu nimeshaanza. Nimeandika karatasi, dawati liko wapi, hospitali ipi, namba zipi, nikaibandika nyuma ya mlango wa choo cha saluni, kule shemeji akija kumfuata mkewe hawezi kuingia. Chini nimeikata vipande kumi vya kuchana na kuondoka navyo. Ijumaa nimekuta vimebaki viwili, leo nimeenda stationari kuprinti nyingine.

Msusi,
Mbagala, Dar es Salaam