Malalamiko: stensili zilizobandua mabaka ya Panther yangu

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA RANGI NA STENSILI ZA MODELI YA PLASTIKI YA KIFARU CHA VITA CHA UJERUMANI, PANTHER AUSF. G (TOLEO LA G), KIPIMO CHA 1:35

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya pili. Ya kwanza mliijibu kwa mistari minne, mkaniambia kosa ni langu, sikuosha plastiki kabla ya kupaka. Niliosha. Niliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikasugua kwa mswaki wa zamani hadi katikati ya magurudumu, nikaacha vipande vikauke usiku kucha, ndipo nikapiga praima, ile rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote. Naomba safari hii barua hii apewe mtu aliyewahi kushika brashi.

Seti yenu niliinunua kwa maneno yaliyoandikwa juu ya boksi: kwamba rangi, stensili na maelekezo vimetengenezwa vifanye kazi pamoja na mnunuzi hahitaji kitu kingine. Ndani nilikuta chupa mbili za njano iliyokoza, moja ya kijani cha zeituni, moja ya kahawia nyekundu, karatasi mbili za stensili zenye gundi, zenye matundu ya kupulizia madoa, na kijitabu cha kurasa nne. Nilichotaka kupaka ni yale mabaka ya mavizio yaliyoanza kuonekana kwenye vifaru vya Ujerumani mnamo Agosti 1944. Kwanza unaweka njano, juu yake mabaka ya kijani na kahawia, halafu madoa madogo: ya njano ndani ya mabaka, na ya rangi nyeusi zaidi juu ya njano, ili kifaru kilichojificha chini ya miti kifanane na mwanga unaopenya kwenye majani. Madoa ndiyo kazi yenyewe. Bila madoa hakuna mavizio, na ndiyo maana nilihitaji stensili.

Mabaka ya kijani na kahawia niliyapiga kwa brashi ya hewa, bila stensili, presha ya chini, ncha ikiwa karibu kugusa plastiki. Anayejua kazi hii anajua kwa nini. Ukungu wa sentimita 5 pembeni mwa baka kwenye kifaru halisi unakuwa kama milimita moja na nusu kwenye modeli ya 1:35. Ukiuacha upanuke hadi nusu sentimita, kifaru kinageuka mwanasesere. Ilinichukua jioni tatu, na mkono haukuwa unatetemeka hata mara moja, jambo ambalo kwangu si la kila siku.

Kisha nikafungua ukurasa wa 3 wa kijitabu chenu: bandika stensili dakika 30 baada ya rangi kukauka. Mimi nilisubiri saa nzima, kwa tahadhari tu. Nikabandika karatasi ubavuni mwa mnara, yaani sehemu ya juu ya kifaru inayobeba mzinga, upande wa kushoto, nikaibana kingo kwa kijiti cha meno, nikapuliza madoa ya njano, nikaanza kuivuta polepole kutoka kona ya chini. Ilitoka kama ganda la yai la kuchemsha. Kijani kilikuja nayo, kahawia ikaja, njano ya chini ikaja. Kilichobaki ubavuni ni kiraka cha kijivu chenye ukubwa wa kidole gumba. Nikaigeuza ile stensili nikaona baka langu zima limekaa juu ya gundi, zuri, kamili, kama stempu.

Sasa angalieni hicho kijivu, kiko kwenye picha ya pili niliyoambatanisha. Kijivu ni praima. Praima haikuguswa. Kama plastiki ingekuwa na mafuta kama mnavyodai, cha kwanza kubanduka kingekuwa praima, kwa kuwa ndiyo iliyoshika plastiki. Kilichoachia ni rangi yenu, kutoka juu ya praima, kwa gundi yenu, ndani ya muda uliopangwa na kijitabu chenu.

Sikuishia hapo. Nilichukua vijiko vinne vya plastiki, nikaviosha, nikavipiga praima ileile na rangi yenu ileile, nikabandika stensili kwa zamu. Cha dakika 30 kilibaki kijivu kitupu. Cha saa 6 kilichunika kingo. Cha saa 24 kilipoteza vipande viwili vidogo. Cha saa 48 hakikupoteza kitu, na madoa yalitoka safi kabisa. Kwa hiyo rangi yenu si mbaya, na ninalisema hili bila kinyongo. Akriliki ya maji hukauka juu haraka, kidole hakichafuki, lakini chini bado inaendelea kukaza kwa siku nzima au zaidi. Hili mnalijua nyinyi kuliko mimi. Aliyeandika dakika 30 alipima kwa kidole, wala hakujaribu kwa stensili.

Jambo la pili ni njano. Chupa ya kwanza iliishia kwenye bodi, mnara nikaupaka kwa chupa ya pili, na mbele ya dirisha mchana mnara unaonekana una ukijani. Namba za toleo kwenye chupa hizo hazilingani. Mlinijibu kwamba hata vitani njano ilitofautiana. Ni kweli ilitofautiana: askari walipewa rangi ikiwa nzito kama uji, wakaizimua kwa maji au petroli, chochote kilichokuwa karibu. Lakini kiwandani kwenu, nadhani, hamkuwa mkichanganya rangi huku mnakwepa mabomu.

La tatu nalitaja tu. Kijitabu kinaonyesha ubavu wa kushoto na mbele, basi. Baka linaloanzia ubavu wa kushoto wa mnara lazima lipande juu ya paa na kushukia upande wa pili. Bila mchoro wa juu, mnunuzi anabahatisha.

Naomba yafuatayo. Nitumieni stensili mpya na chupa mbili za njano za toleo moja, au nirudishiwe kiasi chote nilicholipa. Rekebisheni ukurasa wa 3, na hadi kijitabu kipya kitoke, wekeni kikaratasi ndani ya kila boksi kinachosema saa 48. Futeni pia kwenye kumbukumbu zenu maelezo kwamba mteja huyu hakuosha plastiki.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Mnara nimeshausafisha hadi kwenye praima, nao uko mezani juu ya kizibo cha chupa, unasubiri njano.

Wenu,
Mteja

Viambatanisho: picha sita, stensili iliyotumika (baka bado limo), vijiko vinne.