Zuhura, wapelekee vipimo, si herufi

Tanga, 3 Agosti

Shoga yangu mpenzi Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumaini hamjambo nyote hapo Dar, na mama anaendelea vizuri na presha yake. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema kamati ya sare za harusi imewataka mtaje saizi, nawe ukawaandikia "L" huku ukijua gauni la mtumba ulilonunua soko la Karume mwezi uliopita lina lebo ya 18, pameniuma. Umeiandika hiyo 18 kana kwamba ni kosa ulilotenda. Nakujibu upesi kabla fundi hajashika mkasi, kwa sababu kitenge kikikatwa kikubwa hupunguzwa, ila kikikatwa kidogo hakina dawa.

Kwanza ujue hiyo namba ilikotoka. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate saizi za pamoja. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu viliachwa nje ya hesabu. Mwongozo uliotokana na kazi hiyo ulitoka mwaka 1958, ukafutwa 1983, na sasa kila kampuni hujipangia yenyewe. Kampuni nazo zimejua kwamba mteja hufurahi akiingia kwenye namba ndogo, kwa hiyo nguo zimekuwa zikipanuliwa na namba kubaki ile ile. Katika mwongozo wa 1958, namba 8 ilikuwa ya kiuno cha inchi 23 na nusu. Leo namba 8 ya maduka mengi ya huko inapita inchi 28.

Chukua mwanamke mwenye kifua inchi 38, kiuno 31 na hipsi 41. Uingereza wanamwita 14, Marekani 10, Ujerumani 40, Ufaransa 42 na Italia 46. Nguo zote tano unaweza kuzikuta kwenye meza moja ya mitumba, maana zimetoka katika mabelo tofauti. Hiyo 18 yako, ikiwa ni ya Uingereza, ingeshonwa Marekani ingeandikwa 14. Mwili ni huo huo.

Na nguo za Marekani zenyewe zina mafumbo yake. Namba witiri kama 7, 9 na 11 ni za wasichana: kifua kiko juu zaidi na hipsi ni nyembamba. Namba yenye W, tuseme 16W, si sawa na 16 ya kawaida. Imekatwa kwa umbo lingine, ina nafasi zaidi kifuani, hipsi na mkono wa juu. P ni ya wafupi, chini ya futi 5 na inchi 4, hivyo kiuno chake kimepandishwa. Ukivaa P na wewe ni mrefu, kiuno cha gauni kitakaa chini ya matiti na utadhani umenenepa. Lebo ninayoiheshimu ni ya Kichina, kama 165/88A: urefu wa mvaaji sentimita 165, kifua 88, na A inaeleza kifua kimezidi kiuno kwa sentimita 14 hadi 18. Hiyo angalau inataja mwili.

Sasa tafuta vipimo vyako. Chukua futikamba, lakini ilinganishe kwanza na rula, kwa sababu ya zamani huvutika na kukudanganya. Vaa sidiria utakayovaa siku ya shughuli, na juu yake kitu chepesi. Kifua pima pale palipojaa zaidi, na umwombe mtu aangalie mgongoni kamba isishuke. Kiuno usikikisie: inama ubavuni, pale mwili unapojikunja ndipo penyewe. Hipsi pima kwenye makalio yalipojaa, kama inchi 8 chini ya kiuno, miguu ukiwa umeibana pamoja. Kisha kaa kitini upime hipsi tena, kwani ukikaa zinaongezeka, na shughuli yenyewe nusu yake mtakaa. Ongeza upana wa mabega, mfupa hadi mfupa kwa nyuma, na unene wa mkono wa juu. Usivute tumbo ndani, shoga. Ukilivuta, gauni litashonwa la mtu asiyepumua.

Juu ya vipimo hivyo nguo inahitaji nafasi. Kitenge hakivutiki, hivyo mwambie fundi aongeze inchi 2 au 3 kifuani, 1 kiunoni, 2 mpaka 3 kwenye hipsi. Wasichana wengi humwambia fundi "nibane", naye hushona sawasawa na mwili. Akiinua mkono kupiga vigelegele, kwapa linachanika. Kitambaa cha kuvutika ndicho pekee kinachoweza kukaa sawa na mwili au hata pungufu kidogo.

Kwenye mitumba, ambako hakuna pa kujaribia, kuna njia moja ninayoiamini kuliko zote. Nyumbani chukua gauni lako linalokukaa vizuri kabisa, si unalotamani likukae, lile unalolivaa ukasahau kwamba umelivaa. Lilaze mezani, funga zipu au vifungo, linyooshe kwa kiganja bila kulivuta. Pima kwapa hadi kwapa, halafu kiuno, halafu hipsi, halafu urefu toka begani. Andika hivyo vinne kwenye simu. Ukifika Karume toa futikamba, laza nguo juu ya rundo, pima sehemu hizo hizo. Ikitofautiana kwa nusu inchi, chukua. Ikipungua inchi 2 kwapa kwa kwapa, kumbuka hiyo ni nusu tu ya nguo, kwa hiyo mzunguko umepungua inchi 4. Rudisha hata kama lebo inakubembeleza. Nguo ya pamba imeshafuliwa huko ilikotoka na pengine imeruka, yaani imepungua kwa maji, na lebo haijui habari hizo. Hata mpya hutofautiana: kiwandani vitambaa hupangwa tabaka nyingi na kukatwa kwa pamoja, tabaka zikiteleza kidogo, suruali mbili za namba moja hazilingani. Usimwone muuzaji anavyokutazama, pima.

Ukishaivaa, soma mistari ya kitambaa. Mikunjo inayotoka kifungo cha kifuani kama miale maana yake kifua kimebanwa. Mistari ya kulala chini ya kiuno, na sketi inayopanda ukitembea, ni hipsi zinazotafuta nafasi, kwa hiyo sketi hupanda hadi palipo pembamba. Mshono wa bega unatakiwa ukae juu ya mfupa. Ukishuka mkononi kwa zaidi ya sentimita moja, nguo ni kubwa begani, na hapo ndipo pagumu kurekebisha, kwani fundi lazima afumue mkono mzima, akate upya, arudishe.

Kwa sababu hiyo, ukiwa na kifua kikubwa na kiuno chembamba, au hipsi pana na mabega madogo, nunua kwa sehemu yako kubwa kisha punguza kwingine. Blauzi inunuliwe kwa kifua na bega, suruali kwa hipsi. Kiuno cha suruali hupunguzwa kwenye mshono wa kati wa nyuma, na inchi moja na nusu au mbili hazionekani; ukizidisha hapo mifuko ya nyuma inasogeleana na inakuwa vioja. Kuongeza ni shida zaidi. Geuza nguo nje ndani, uangalie kitambaa kilichobaki pembeni mwa mshono. Nguo ya kiwandani iliyopigwa overloki mara nyingi haina hata sentimita moja. Ukiachia nusu sentimita kila upande, mishono miwili ya ubavuni ina kingo nne, utapata sentimita 2 tu, na alama ya mshono wa zamani itabaki ikionekana kama rangi imeshapauka.

Ukimaliza, chukua mkasi mdogo ukate ile lebo ya namba. Ya maelekezo ya kufua iache. Na kabatini, zile suruali unazozitunza "nikipungua nitavaa" zitoe, uzifunge mfukoni, uziweke juu ya kabati. Hazifai kuwa kitu cha kwanza unachokiona asubuhi. Dera nalo nakusihi usilifanye maficho. Ni vazi zuri la nyumbani, lakini wewe uliyependa nyekundu na shingo pana tangu shule, sioni kwa nini ujifunike mpaka mwaka uishe. Gauni linalokaa sawa begani na kupita taratibu kiunoni linakupa mgongo wa kusimama nao. Hutakuwa ukivuta pindo kila dakika.

Turudi kwenye sare. Leo hii mwandikie dada wa kamati ufute hiyo "L". Mpelekee kifua, kiuno, hipsi, mabega, mkono wa juu na urefu, vyote kwa inchi, na uombe apewe fundi kama vilivyo. Wala usitoe maelezo. Naamini nusu ya wenzako nao wametaja herufi za uongo na watashukuru ukianza wewe. Kitenge kilowekwe maji usiku mmoja kabla ya kukatwa, kianikwe, kipigwe pasi, kwani kikiruka baada ya kushonwa mtakuwa mmechelewa. Mwombe fundi aache inchi moja nzima ndani ya mishono ya ubavuni. Na siku ya kujaribu iwe wiki mbili kabla ya harusi, si mkesha wake. Nenda na sidiria ile ile na viatu vile vile, kaa, inama, inua mikono yote miwili kama unacheza, ndipo umwambie fundi amalizie pindo.

Nitumie vipimo ukishavichukua nivitazame. Msalimie mama, na Rehema mwambie kofia yake ya vishimo iko karibu kuisha.

Shoga yako,
Mwanaidi